Nani Aseme Kwanza: Miaka Mingi ya Taarifa za Magonjwa Kasese na Bwera

Kati ya Mpondwe, upande wa Uganda, na Kasindi, upande wa Kongo, kuna kituo kimoja rasmi cha kuvukia na njia za panya zisizo na hesabu. Mto Lhubiriha unaotenganisha nchi hizo mbili si kizuizi cha kutisha. Sehemu nyingi mtu huuvuka kwa miguu. Ng'ambo na ng'ambo wanaishi ndugu, kwa maana Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa asili moja na lugha zao zinasikilizana. Mpaka ulipochorwa kwa makubaliano ya Wazungu huko Brussels mwaka 1910, hakuna aliyewauliza mashangazi na wajomba wangetembeleana vipi.

Mwanzoni mwa Juni 2019, familia moja ilikuwa inarudi Uganda kutoka kwenye msiba wa babu yao, mchungaji aliyefariki kwa Ebola katika eneo la Mabalako, Kivu Kaskazini. Walipofika Kasindi, wahudumu wa afya wa Kongo waliona dalili kwa watu 12 wa msafara huo, wakawatenga ili wapelekwe Beni kwa matibabu. Baadhi yao hawakungoja. Waliondoka, wakapita njia ya panya, wakaingia Kasese. Wakongo walipobaini pengo hilo waliwaarifu wenzao wa Uganda. Kwa hiyo habari ya Ebola ilivuka mto sambamba na wagonjwa wenyewe, kabla maabara haijathibitisha lolote.

Wizara ya Afya mjini Kampala ilipotoa tangazo lake tarehe 11 Juni, watu wengi walisifu kasi hiyo. Kasi ilikuwepo kweli. Lakini nyuma yake kuna historia ndefu ya swali ambalo wilaya ya Kasese imelijibu kwa namna tofauti kila kizazi: ugonjwa ukiingia nyumbani, ni nani anayepaswa kusema, amwambie nani, na kusema huko kutamgharimu nini?

Katika vitabu vya sheria, jibu ni la zamani. Sheria ya Afya ya Umma ya Uganda ilianza kutumika Oktoba 1935, na kifungu chake cha taarifa kinapanga watu kwa foleni. Wa kwanza ni mkuu wa kaya ya mgonjwa. Asipofanya hivyo, wajibu unawashukia ndugu wa karibu walio nyumbani au wanaomuuguza. Wakikosekana hao, anafuata yeyote anayemhudumia mgonjwa, na mwisho kabisa mwenye kukaa katika nyumba hiyo. Daktari anayemtibu naye ana wajibu wake wa pembeni. Habari inatakiwa ipelekwe kwa ofisa wa afya mara tu mtu anapotambua kwamba ugonjwa ni wa kuambukiza.

Foleni hiyo haikutungwa kwa ajili ya milima ya Rwenzori. Ilinakiliwa, karibu neno kwa neno, kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1889, iliyowalazimu wakazi wa London na miji mingine kuripoti ndui, kipindupindu, dondakoo, homa ya matumbo na magonjwa mengine ya aina hiyo. Kenya ilipata sheria yake ya afya ya umma mwaka 1921, Uganda ikafuata. Ila kuna jambo moja katika ile sheria ya Waingereza ambalo wanaoisifu hulipita haraka. Daktari aliyeripoti alilipwa: shilingi 2 na peni 6 za Kiingereza kwa kila mgonjwa wake binafsi, na shilingi 1 kwa mgonjwa wa taasisi ya umma. Mkuu wa kaya hakulipwa kitu. Fungu lake lilikuwa faini isiyozidi shilingi 40 akinyamaza. Tangu siku ya kwanza, basi, wajibu huu uliwagawa watu makundi mawili: wanaosema wakapata ujira, na wanaosema wakabaki na hasara.

Huku Uganda, watu walikuwa wameshaonja hasara hiyo kabla ya 1935.

Malale yalilipuka kwenye mwambao wa Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kufikia mwaka 1906 yalikuwa yameua zaidi ya watu 200,000 katika Busoga na Buganda. Mwaka 1903 daktari wa jeshi David Bruce, aliyetumwa na Jumuiya ya Kifalme ya London, alihitaji kujua ugonjwa umefika wapi na mbung'o wanaoueneza wako wapi. Hakuwa na maofisa wa kutosha kuzunguka nchi nzima. Alichofanya ni kuomba habari kwa wamisheni na kwa machifu, huku Apolo Kagwa, Katikiro yaani waziri mkuu wa Buganda, akisaidia kufikisha ombi hilo kwa machifu wa huko. Vifurushi vya nzi vikaanza kumiminika Entebbe, kila kimoja na maelezo ya mahali nzi walikokamatwa na kama malale yapo au hayapo. Bruce alipochora ramani mbili, moja ya nzi na moja ya ugonjwa, zililingana. Huenda huo ndio ulikuwa mfumo wa kwanza mkubwa wa taarifa za ugonjwa katika nchi hiyo, na uliendeshwa na Waafrika ambao majina yao, isipokuwa wachache, hayamo katika ripoti.

Kisha ramani ikatumika. Gavana Hesketh Bell aliamuru mwambao wa Ziwa Victoria na visiwa vyake uhamwe. Katika miaka ya 1910 amri za aina hiyo zilifika magharibi, kwenye maziwa ya Edward na George. Wavuvi waliondolewa na vijiji vikaachwa. Katwe, ambako chumvi ya ziwa ilikuwa imevuta wafanyabiashara kwa vizazi vingi, na ambako Kapteni Lugard alijenga ngome mwaka 1891 kwa sababu ya chumvi hiyohiyo, ilijikuta ndani ya nchi iliyokuwa inatolewa watu. Wanyama walijaza nafasi. Mwaka 1952 sehemu kubwa ya eneo hilo ikawa hifadhi ya taifa, na muda mfupi baadaye ikapewa jina la Malkia Elizabeth. Vijiji vya uvuvi kama Katwe, Katunguru, Hamukungu na Kasenyi viko leo kama visiwa ndani ya mbuga.

Si haki kusema kwamba uhamisho ule haukuokoa maisha. Kuwatenga watu na mbung'o kulipunguza maambukizi. Lakini kwa mvuvi wa Ziwa George, mfululizo wa mambo ulikuwa rahisi kuusoma. Watu waliugua, wakubwa wakapata habari, na baada ya hapo kijiji kikafutwa.

Tatizo la pili lilikuwa mpokeaji wa habari. Hadi mwaka 1974, eneo la Kasese lilikuwa sehemu ya Toro, na Wakonzo walilalamika kwa miongo mingi kwamba machifu waliowekwa juu yao walikuwa Watoro waliowadharau. Malalamiko hayo yalizaa harakati za Rwenzururu na uasi wa mwaka 1962. Kwenye karatasi za serikali ya kikoloni, chifu alikuwa mkono wa afya: alitakiwa kuzuia kuenea kwa magonjwa ya kuambukiza, kusimamia usafi, kupeleka habari bomani. Kwa mtu wa mlimani, chifu huyohuyo ndiye aliyedai kodi. Ingekuwa ajabu kama mkuu wa kaya angekimbilia kwake asubuhi kusema, mwanangu ana vipele.

Wamisheni na mgodi walileta milango mingine. Mgodi wa shaba wa Kilembe, uliopata reli hadi Kasese mwaka 1956, ulikuwa na hospitali yake. Kule Kisinga, kati ya Kasese na Bwera, ilikua Hospitali ya Kagando, ambayo leo iko chini ya Kanisa la Uganda, Dayosisi ya Rwenzori Kusini. Bwera yenyewe, karibu na mpaka wa Mpondwe, ina hospitali ya serikali. Milango hii ilibadilisha njia ya taarifa bila sheria kuguswa hata nukta. Mgonjwa alikwenda hospitali kwa hiari yake kutafuta dawa, na aliyeandika ripoti akawa mganga au muuguzi. Mkuu wa kaya alibaki wa kwanza kwenye foleni ya sheria, lakini katika maisha ya kawaida alikuwa ameshatoka kwenye mstari.

Mabadiliko hayo yaliweka mzigo mzito mabegani mwa wahudumu wa afya, na Uganda imewahi kuona unavyobebwa vizuri na unavyochelewa. Oktoba 2000, Dokta Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, aliona vifo vya wauguzi wanafunzi ambavyo havikueleweka. Alipekua mafaili na vitabu, akashuku homa ya kutoka damu, akaipigia simu Wizara ya Afya bila kungoja majibu ya maabara. Katika muda wa wiki moja ikathibitishwa kuwa ni Ebola. Waliougua walikuwa 425 na waliokufa 224, naye mwenyewe alikufa tarehe 5 Desemba mwaka huohuo.

Miaka saba baadaye, upande wa pili wa milima ya Rwenzori, mambo yalikwenda taratibu zaidi. Habari za ugonjwa usiojulikana zilisikika Bundibugyo tangu Agosti 2007. Uthibitisho ulikuja mwishoni mwa Novemba. Virusi vyenyewe vilikuwa vya aina mpya ya Ebola, ambayo vipimo vya wakati ule havikuijua, kwa hiyo si haki kuwalaumu waliotoa taarifa. Walisema, ila mashine hazikuwaelewa. Dokta Jonah Kule, mzaliwa wa Bundibugyo aliyewahudumia wagonjwa hao, alifariki Desemba. Jina la wilaya likabaki kwenye kirusi. Hiyo nayo ni gharama ya aina yake: mahali palipotoa taarifa pamebandikwa ugonjwa kwenye vitabu vya dunia nzima.

Ndiyo maana kitendo cha Ruhakana Rugunda mwaka 1986 kinastahili kukumbukwa hapa. Akiwa Waziri wa Afya wa serikali iliyokuwa na miezi michache tu madarakani, alisimama mbele ya Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Geneva mwezi Mei akasema wazi kwamba Uganda ina ukimwi na inahitaji msaada. Wakati huo serikali kadhaa za Afrika zilikuwa zinakana au zinanyamaza, zikihofia watalii na heshima. Hakuna sheria ya kimataifa iliyomlazimisha. Kanuni za afya za kimataifa za zama hizo zilidai taarifa za magonjwa matatu tu: kipindupindu, tauni na homa ya manjano.

Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2005, baada ya ugonjwa wa SARS kuenea huku China ikichelewa kusema, zikaanza kutumika tarehe 15 Juni 2007. Sasa nchi inatakiwa kuliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 tangu itathmini kwamba tukio linaweza kuwa dharura ya kimataifa, liwe na jina au lisiwe nalo. Wakati huohuo Uganda ilikuwa imeanza, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kutumia mpango wa Afrika wa kufuatilia magonjwa kwa pamoja. Kila kituo cha afya hujaza fomu ya wiki: kipindupindu wangapi, surua wangapi, homa ya uti wa mgongo wangapi. Kuanzia mwaka 2011 takwimu hizo zilianza kutumwa kwa ujumbe mfupi wa simu, na hata mwanakijiji akapewa namba fupi, 6767, ya kutuma tahadhari. Timu za afya za vijiji, watu wa kujitolea wanaojulikana kwa kifupi cha VHT, zikawa masikio ya karibu zaidi.

Katwe iliuona mfumo huo ukifanya kazi mwaka 2015. Mwezi Juni iliripotiwa kwamba zaidi ya watu 30 wa kijiji hicho cha uvuvi wameugua kipindupindu. Wachunguzi walifuata nyayo za ugonjwa hadi sehemu moja ya ufukwe ambako watu walichota maji ya kunywa, karibu na korongo lililoshusha uchafu ziwani mvua iliponyesha. Safari hii taarifa haikuleta amri ya kuhama. Ilileta watu wenye madaftari, waliouliza maji yanachotwa wapi.

Basi ilipofika Juni 2019, wilaya haikukutwa imelala. Mlipuko wa Kongo ulikuwa umetangazwa tangu tarehe 1 Agosti 2018, na Uganda ilitumia miezi hiyo kujiandaa. Karibu wahudumu wa afya 4,700 katika vituo 165 walikuwa wamechanjwa. Mpondwe kulikuwa na mapipa ya maji ya klorini, vipimajoto na vijana wa Msalaba Mwekundu. Bwera kulikuwa na kitengo cha kuwatenga wagonjwa wa Ebola ambacho kilikuwa bado hakijapata mgonjwa.

Katika familia ile iliyovuka kwa njia ya panya alikuwamo mtoto mgonjwa wa miaka mitano, naye hakupelekwa Bwera kwanza. Familia yake ilimpeleka Kagando, wakitafuta matibabu. Wahudumu wa Kagando waliona anatapika damu, wakashuku, wakamhamishia kitengo cha Bwera tarehe 10 Juni. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe ilithibitisha kesho yake, na Waziri Jane Ruth Aceng akatangaza siku hiyohiyo. Mtoto alifariki usiku huo. Bibi yake alifuata, na mdogo wa mtoto huyo, wa miaka mitatu, ambaye pia alikuwa na maambukizi, alirudishwa Kongo pamoja na ndugu wengine kwa makubaliano ya nchi mbili, akafia huko. Hakuna mtu aliyeambukizwa ndani ya Uganda.

Ukiipima familia hiyo kwa kipimo cha sheria ya 1935, ni rahisi kuihukumu. Walijua babu amekufa kwa nini, waliambiwa wangoje, wakaondoka. Lakini wakati huo Beni ilikuwa katikati ya vita, vituo vya matibabu vya Kivu Kaskazini vilikuwa vimeshambuliwa mara kadhaa, na nyumbani kwao kulikuwa ng'ambo ya mto mdogo. Tena hawakumficha mtoto chumbani. Muda si mrefu walikuwa hospitalini. Walichokwepa ni mahali pa kutengwa, hawakukwepa tiba. Tofauti hiyo ni kubwa, na foleni ya sheria haina nafasi ya kuiandika.

Gharama iliyofuata iliwaangukia wengi. Mikusanyiko ilisimamishwa Kasese, pamoja na siku za gulio na ibada za pamoja. Soko la Mpondwe ndilo tumbo la eneo hilo. Siku za gulio maelfu ya watu huvuka, Wakongo na Waganda, na biashara huendeshwa kwa Kiswahili, Kikonzo na Kinande kwa pamoja. Mama anayeuza samaki wakavu hakuwa na mgonjwa yeyote nyumbani, lakini taarifa ya nyumba nyingine ilimfungia meza yake.

Inafurahisha kidogo, kama neno hilo linafaa, kuona kwamba wakubwa wa Geneva waliwaza kama mama huyo. Tarehe 14 Juni kamati ya dharura ya Shirika la Afya Duniani ilikaa kuamua kama mlipuko, uliokwisha kuingia nchi ya pili, utangazwe kuwa dharura ya kimataifa. Ilikataa. Kaimu mwenyekiti wake, Preben Aavitsland wa Norway, alieleza kwamba waliona tangazo halitaongeza faida, ila linaweza kuleta hasara nyingi, hasa nchi zikifunga mipaka na kuua biashara. Dharura ilikuja kutangazwa tarehe 17 Julai, baada ya mgonjwa kugunduliwa Goma. Mkuu wa kaya anayesitasita mlangoni kwake, akipima atapata nini na atapoteza nini kwa kusema, huitwa mkaidi. Kamati inayofanya hesabu hiyohiyo huitwa yenye busara.

Agosti mwaka huohuo, msichana wa Kikongo wa miaka tisa alifika Mpondwe na familia yake kwa njia rasmi, wakitafuta matibabu Uganda. Wapimaji walimbaini tarehe 28, akapelekwa Bwera, majibu yakatoka siku iliyofuata, akafariki tarehe 30. Watu wake hawakukwepa kituo. Kisa hiki hakikupata vichwa vya habari kama kile cha Juni, ingawa kwa wanaofuatilia taarifa za magonjwa ndicho chenye mafunzo zaidi: mgonjwa alitambulika mlangoni kwa sababu mlango ulikuwa na watu, na ng'ambo yake kulikuwa na matumaini ya tiba.

Sheria ya Afya ya Umma yenyewe ilibaki na nguo zake za 1935 hadi janga la korona lilipoiaibisha. Faini zake zilikuwa za zama ambazo shilingi ilikuwa na uzito mwingine. Kuzilipa kulikuwa rahisi kuliko kutii. Muswada wa marekebisho wa mwaka 2021 ulikuja na adhabu kali, na pendekezo lililozua kelele zaidi bungeni Februari 2022 lilikuwa faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miezi sita kwa anayekataa chanjo ya lazima. Mjadala ukawa wa adhabu. Nani atamlisha mwenye meza sokoni wakati soko limefungwa, na nani atamlinda aliyeripoti dhidi ya majirani waliopoteza siku zao za gulio, ni maswali yaliyopata nafasi ndogo sana kwenye magazeti.

Julai 2024 Bwera na Mpondwe zilirudi kwenye taarifa. Wagonjwa wenye vipele walishukiwa, sampuli zikapelekwa Entebbe, na mwanzoni mwa Agosti Wizara ya Afya ikatangaza visa viwili vya homa ya nyani, vyote wilayani Kasese, vya kwanza kuthibitishwa Uganda. Tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa kwa ugonjwa huo, ambao ulikuwa unaenea kutoka mashariki ya Kongo. Miezi iliyofuata visa viliongezeka kwa mamia katika wilaya nyingine, Kampala ikiwemo, mbali na mpaka. Kasese iliyosema kwanza haikuwa na visa vingi kuliko wengine. Ilikuwa tu na wahudumu waliozoea kushuku.